Seva iiachilie kadi kwanza, ndipo mkono ufuate

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa ofisi, hospitali na mahoteli ya Malindi na Lamu, pamoja na mafundi wanaowahudumia, juu ya kadi za seva, yaani bodi ndogo za mtandao, diski au picha zinazochomekwa ndani ya kompyuta kuu inayohudumia nyingine. Kuna seva zinazokubali kadi iongezwe au itolewe huku zikiendelea na kazi, na kuna zisizokubali, na hizi za pili ndizo nyingi. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Anayeng'oa kadi kwa kuamini kwamba kila seva ya kisasa huvumilia, anaweza kuusimamisha mfumo wa malipo wa ofisi nzima saa nne asubuhi, au kuunguza ubao mama ambao wa kubadilishia haupatikani dukani hapa kwetu. Wa Malindi utaagizwa Mombasa au Nairobi. Wa Lamu utafika Mokowe kwa gari kisha uvushwe kwa boti, na muda wote huo wananchi wamepanga foleni mbele ya karani mwenye daftari la mkono.

Rai yangu ni hii: seva yenyewe iiachilie kadi kwa amri, umeme wa sloti (tundu kadi inamochomekwa) ukatike, taa izimike, ndipo mkono uingie. Seva isiyoweza kufanya hivyo izimwe, kwa ratiba inayojulikana na kila mtu.

Tuanze na tangazo la muuzaji. Akisema mashine yake hubadilishwa vifaa bila kuzimwa, mara nyingi anamaanisha vitu vitatu tu: diski za mbele, pawa saplai za nyuma, na feni. Kadi zilizomo ndani chini ya kifuniko hazimo katika ahadi hiyo. Dell na Lenovo huweka rangi ya chungwa kwenye kishikio cha kifaa kinachoweza kutolewa mashine ikiwa imewaka. Bluu ni mahali pa kushika tu, haitoi ruhusa hiyo. Vipande vya memori kwenye seva hizi za kawaida havitolewi kamwe mashine ikiwa imewaka, hata ile programu ya usimamizi ikionyesha kwamba kipande fulani kimekufa.

Kadi haing'olewi ovyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya umeme. Kadi ina kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya umeme, ambazo zikiwa tupu hunywa umeme kama mchanga wa Shela unavyonywa maji. Ukiisukuma ndani ya sloti yenye umeme, mkondo mkubwa huingia kwa mpigo mmoja, volti 12 za mashine nzima huyumba, na seva hujiwasha upya ikidhani imekatiwa umeme. Sloti ya x16 ya PCI Express, njia ya kisasa inayounganisha kadi na mashine (x16 ni upana wake), inaruhusiwa kulisha kadi hadi wati 75, na katika matumizi ya kawaida tu mkondo wa volti 12 unaweza kufika ampea 5.5, ule wa kujaza kapasita kwa ghafla unaweza kupita huo kwa mbali. Sloti iliyotengenezwa kwa kazi hii ina kidhibiti chake cha umeme, yaani transista inayofunguka taratibu, ikajaza kapasita kidogo kidogo, na kukata ikiona mkondo umezidi. Sloti ya kawaida haina ulinzi huo.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Kichakataji kinapoisoma kadi isiyokuwepo, hakipati ukimya; kinapata namba ambayo biti zake zote ni 1. Draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyoandikwa kwa uangalifu huitambua namba hiyo na kujitoa. Draiva mbovu huichukua kuwa jibu halali, ikakaa inazunguka palepale ikisubiri biti fulani igeuke 0, nayo haitageuka, mpaka mashine ikaganda. Zaidi ya hayo, kadi nyingi huandika zenyewe kwenye memori bila kupitia kichakataji. Ukiikata katikati ya kuandika, faili inaweza kubaki nusu, na hakuna atakayejua mpaka siku itakapohitajika. Zamani za basi ya PCI, kadi kadhaa zilitumia nyaya zilezile, hivyo msukosuko wa moja uliwafikia jirani zake wote. PCI Express imempa kila mmoja njia yake, kwa hiyo madhara mara nyingi hubaki kwenye mlango mmoja. Lakini "mara nyingi" si neno la kuwekea rehani mfumo wa hospitali.

Ili kadi itoke salama, lazima wanne wakubaliane: sloti yenyewe, programu ya msingi ya mashine (BIOS au UEFI), mfumo endeshi, na draiva ya kadi. Mmoja akikosekana, zima mashine.

Kwenye Linux unaweza kujua hali kabla ya kugusa chochote. Kwanza andika lspci -tv uone mti wa vifaa, utambue kadi yako imening'inia kwenye mlango gani. Kisha, ukiwa na mamlaka ya msimamizi, andika lspci -vv na usome maelezo ya mlango huo wa juu, si ya kadi; hapa ndipo wengi hupotea. Tafuta mstari unaoanza na SltCap. HotPlug+ maana yake sloti inakubali kubadilishwa kadi, PwrCtrl+ maana yake ina swichi yake ya umeme, AttnBtn+ ina kitufe, PwrInd+ ina taa ya umeme, na MRL+ ina kitambuzi cha kujua kama kikomeo kimefungwa. Ukikuta HotPlug- mjadala umekwisha. Surprise+ maana yake mlango unavumilia kifaa kutoweka ghafla, na aghalabu utaiona kwenye milango ya diski za kasi za NVMe za mbele. Usiichukue kuwa ruhusa ya kuchomoa unavyotaka, kwa maana inailinda mashine isianguke, haiilindi data iliyokuwa njiani.

Baada ya hapo fungua saraka ya /sys/bus/pci/slots. Kila sloti ina saraka yake yenye faili la address, na ile inayodhibitiwa umeme ina faili la power. Hata hivyo, alama hizi peke yake hazitoshi. Ziko mashine ambazo mlango unasema HotPlug+ ilhali kadi imelala kwenye bodi ya kuinulia ndani ya boma (kasha la mashine), na huwezi kuifikia bila kuinua bodi hiyo pamoja na kadi nyingine mbili zinazofanya kazi. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho.

Sasa nichukue mfano wa kadi ya mtandao ya milango miwili iliyo katika sloti ya 5, milango yake ikiitwa ens5f0 na ens5f1. Amri ya ethtool -i ens5f0 itakupa anwani ya kadi kwenye basi, tuseme 0000:3b:00.0. Ilinganishe, ukiacha ile .0 ya mwisho, na iliyomo ndani ya /sys/bus/pci/slots/5/address. Zisipolingana, simama hapohapo, kwa sababu unakaribia kukata umeme wa kadi nyingine. Ili macho nayo yathibitishe, andika ethtool -p ens5f0 30, na taa ya mlango huo itapepesa kwa sekunde 30. Nenda nyuma ya mashine, uitazame, ubandike karatasi. Zipo kadi zisizoiunga mkono amri hii. Kwa hizo fuata namba iliyochapwa kwenye boma karibu na sloti.

Halafu hakikisha kazi ina pa kwenda. Kama milango imeunganishwa pamoja ili mmoja ukifa mwingine uchukue, soma /proc/net/bonding/bond0 uone mwenzake yuko hai na yuko kwenye kadi gani. Hapa pana kosa ninaloliona likirudiwa katika mipango mingi ya mitandao: milango miwili ya kadi moja inaunganishwa kisha inaitwa akiba. Hiyo ni akiba ya waya uliokatika tu. Kadi ikitoka, milango yote miwili inakufa pamoja. Akiba ya kweli ni mlango mmoja wa kadi hii na mmoja wa kadi ile, au wa ubao mama.

Mwenzake akishathibitika, toa milango yote miwili ya kadi kwenye muungano kwa ip link set ens5f0 nomaster, kisha ip link set ens5f0 down, na vivyo hivyo kwa ens5f1. Kama ni kadi ya kuunganisha diski, kazi ni ndefu zaidi: multipath -ll ikuonyeshe njia ya pili iko hai; kama njia ni moja tu, simamisha hifadhidata, ondoa mifumo ya faili kwa umount, laza makundi ya diski kwa vgchange -an. Umount ikikataa, fuser -vm pamoja na jina la saraka itakuonyesha ni programu gani imeng'ang'ania. Usiilazimishe. Na kama diski yenye mfumo endeshi wenyewe iko kwenye kadi hiyo, na njia ni moja, basi zima mashine.

Ndipo uandike echo 0 > /sys/bus/pci/slots/5/power. Taa ya kijani ya sloti itapepesa wakati draiva inajitoa na umeme unakatwa, kisha itazimika. Kijani ikiwaka imara, usiguse. Ikipepesa, subiri. Ikizimika, toa. Taa ya manjano iliyoganda inaonyesha hitilafu, na ikipepesa ni mtu anakuelekeza kwenye sloti. Kwenye mashine zenye kitufe unaweza kubonyeza badala ya kuandika amri. Taa ya kijani itaanza kupepesa, na una sekunde 5 za kughairi kwa kubonyeza tena.

Kuna amri nyingine inayozunguka kwenye vikundi vya mafundi: echo 1 kwenda kwenye faili la remove lililo ndani ya saraka ya kifaa, chini ya /sys/bus/pci/devices. Wengi huiandika, wakaona kadi imetoweka kwenye lspci, wakadhani iko tayari kutolewa. Hapana. Amri hiyo inaifanya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, iisahau kadi tu. Umeme bado umo kwenye sloti, volti 12 zimekaa palepale. Ina matumizi yake, kwa mfano kuifufua kadi iliyokwama kwa kuisahaulisha kisha kuandika echo 1 > /sys/bus/pci/rescan, lakini si ruhusa ya kushika kadi. Kwenye Windows Server ni hivyo hivyo: kuilemaza kadi katika orodha ya vifaa hakukati umeme; tumia ile njia ya kuondoa kifaa kwa usalama, na usipoikuta kadi yako humo, jibu umeshalipata.

Kabla ya kuvuta, chomoa nyaya, ukiwa umeziandika ncha zote mbili. Vipande vya SFP vinavyopokea faiba hutolewa bila kuzima chochote, kwa hiyo vitoe kwanza, uvifunike vifuniko vyake vya mpira, na usiikunje faiba kwa kona kali. Jihadhari na skrubu. Kwenye mashine iliyowaka, skrubu moja ya kadi ikidondoka juu ya ubao mama inaweza kuunganisha volti 12 na ardhi, na hapo hasara ni kubwa kuliko kadi uliyokuja kuibadilisha. Tumia bisibisi inayoshikilia skrubu, na kama boma lina kikomeo kisichotaka skrubu, afadhali zaidi. Vuta kadi moja kwa moja kuelekea juu kwa kuishika kingo, bila kuitikisa kwa urefu wake. Kama sloti itabaki tupu, rudisha kile kibati cha kuziba tundu la nyuma. Feni zinasukuma hewa kwa njia iliyopimwa. Tundu likiachwa wazi, hewa inatorokea hapo na kadi ya jirani inachemka.

Kuingiza ni kurudi nyuma kwa njia hiyohiyo, isipokuwa uangalifu zaidi unatakiwa mahali pawili. Kadi ya PCI Express ina pini za kuonyesha uwepo, nazo ni fupi kuliko nyingine ili ziguse mwisho na ziachie kwanza. Zimewekwa ncha mbili za kiunganishi. Kadi ikiingia upande mmoja ikainama upande wa pili, mashine haitaiona kabisa, na fundi ataanza kulaumu draiva. Bonyeza pande zote mbili kwa nguvu sawa mpaka ikae, funga kikomeo, kisha washa umeme wa sloti kwa echo 1 kwenye faili lilelile la power. Umeme ukitulia, mashine husubiri angalau milisekunde 100 kabla ya kuiachia kadi ianze kazi. Kwa hiyo usiandike amri mbili kwa papara. Fuata dmesg -w, yaani ujumbe wa kerneli, kwenye dirisha la pili uone inavyotambuliwa.

Kutambuliwa tu hakutoshi. Rudi kwenye lspci -vv, safari hii ya kadi yenyewe, ulinganishe LnkCap (uwezo wa njia) na LnkSta (hali yake ya sasa). Kama kadi na sloti zote zinaweza 8GT/s kwa upana wa x8, na LnkSta inasema x4 au x1, au mwendo wa 2.5GT/s kazi ikiwa imepamba moto, basi kuna mguso mchafu au kadi haijakaa. Itafanya kazi, lakini polepole, na malalamiko yatakuja baada ya wiki moja yakiitwa "mtandao mbaya". Makosa ya AER (ripoti ya hitilafu za PCI Express) yanayosahihishwa, yakiendelea kumiminika kwenye dmesg, yanasema jambo lilelile. Kumbuka pia kwamba kadi mpya ina anwani mpya ya MAC, namba ya kuitambulisha kwenye mtandao. Swichi iliyofungiwa anwani ya zamani itaikataa, seva ya DHCP, inayogawa anwani za mtandao, itaipa anwani nyingine, na programu yenye leseni iliyofungwa kwa MAC itagoma kuwaka. Andika anwani ya zamani kabla ya kuitoa kadi.

Mahali pa pili ni nafasi ya memori ya kuongelea na kadi, na hili huwashangaza hata mafundi wazoefu. Mashine inapowaka, hugawa anwani kwa kila kadi iliyoiona. Sloti tupu huwekewa akiba ndogo. Linux, ikiachiwa yenyewe, huitengea sloti ya aina hii megabaiti 2 za anwani. Kadi ya mtandao ya kawaida huenda ikatosha humo. Kadi ya picha, au kadi ya mtandao inayojigawa kwa seva pepe nyingi (seva za kiprogramu ndani ya mashine moja), haitoshi. Utaona kwenye dmesg maneno "failed to assign" karibu na neno BAR, kadi iko kwenye orodha lakini haifanyi kitu. Haijaharibika, haina pa kukaa. Dawa ni kuweka akiba mapema kwenye mstari wa kuwashia kerneli, kwa mfano pci=hpmemsize=64M, pamoja na kuruhusu anwani zilizo juu ya gigabaiti 4 katika BIOS pale palipo na chaguo hilo. Lakini dawa hiyo inataka mashine iwashwe upya mara moja. Kwa hiyo anayetaka kuongeza kadi bila kuzima mwaka ujao, akiba aiweke leo, siku seva inapofungwa kwa mara ya kwanza.

Pwani yetu ina mambo yake. Wakati wa kusi, upepo unatoka baharini na chumvi. Chumba cha seva chenye dirisha linalofunguliwa "ili hewa ipite" kitakuonyesha ukungu wa kijani kwenye shaba ndani ya muda mfupi. Meno ya kadi yamepakwa dhahabu nyembamba, isiyofika hata mikrometa 1 kwenye kadi nyingi. Ile desturi ya kuyasugua kwa kifutio cha penseli huiondoa dhahabu hiyo na kuacha nikeli wazi kwa chumvi. Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi, futa kuelekea ncha ya meno, uache ikauke kabisa. Usitumie spiriti yenye rangi wala manukato.

Unyevu una mtego mwingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hewa yetu ya kawaida, huweka umande kwenye kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 25 hivi. Kadi iliyohifadhiwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 20, ikipelekwa ukumbini na kufunguliwa hapo, hutoka jasho. Ile iliyosafiri kwenye ndege hadi Manda au uwanja wa Malindi ikiwa imepata baridi angani ni hivyohivyo. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ifikie joto la chumba itakamofungwa. Saa moja au mbili za subira zinatosha kwa kadi, mashine nzima inataka zaidi. Kadi yenye umande ikiwashwa, maji na chumvi hupitisha umeme kati ya nyaya nyembamba zilizokaribiana sana.

Watu husema unyevu wetu unatukinga na umemetuli. Nje, kwa kiasi fulani, ni kweli. Ndani ya chumba cha kiyoyozi hewa ni kavu zaidi, na nguo za poliesta, ziwe shati, kanzu au buibui, huchaji mwili vizuri tu. Binadamu huanza kuhisi mpasuko wa umemetuli kwenye volti 3,000 hivi, ilhali kuna chipu zinazojeruhiwa na volti zisizozidi 100. Kwa hiyo unaweza kuiua kadi bila kusikia chochote. Vaa mkanda wa kiganja wenye rezista ya megaohmu 1, ubane kwenye bati tupu la boma lisilopakwa rangi. Rezista hiyo ipo kukulinda wewe usipigwe na umeme mkubwa. Usivae waya mtupu badala yake. Hakikisha pia soketi ina waya wa ardhi wa kweli. Katika nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu nyaya za umeme ziliingizwa muda mrefu baada ya kuta kujengwa, na matundu matatu kwenye soketi si ushahidi. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime ardhi kwa kifaa chake, kwa sababu mchanga mkavu na mwamba wa tumbawe haupokei umeme kwa wepesi kama udongo wenye maji.

Juu ya diski na pawa saplai sitasema mengi. Diski iliyo katika RAID, yaani kundi la diski zinazolindana, itangazwe kwanza kuwa mbovu na iondolewe kwa amri, kama mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1 --remove /dev/sdb1, kisha ivutwe sentimita chache na kusubiriwa nusu dakika izunguke mpaka isimame kabla ya kutolewa yote. Diski ya terabaiti 4 ikijengwa upya kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 7, na katika saa hizo RAID 5 haina akiba kabisa, usiguse nyingine. Pawa saplai itolewe pale tu inayobaki inapoweza kubeba mzigo wote, na zile mbili zisichomekwe kwenye UPS moja.

Kwa wanaosimamia mashine kubwa za mabenki, kutoa bodi nzima yenye vichakataji na memori si ndoto. Sun Enterprise 10000 ya mwaka 1997 ilikuwa na bodi 16 na vichakataji hadi 64, na mfumo endeshi wake, Solaris, uliweza kuhamisha memori ya bodi moja kwenda kwenye nyingine kabla bodi haijatolewa. Hata huko, memori iliyoshikwa na kerneli ilikuwa tatizo: haihamishiki ovyo, na mfumo ulilazimika kusimama kidogo ili inakiliwe. Linux ina tatizo lilelile leo. Kwa ofisi zetu zinazoendesha seva pepe, kuongeza memori kunafanyika ndani ya programu bila bisibisi, mradi mashine mwenyeji inayo ya kutosha.

Nawaomba pia wakuu wa ofisi waache kauli ya "seva isizimwe kamwe". Fundi anayekatazwa kuzima mashine hata usiku ndiye atakayevuta kadi yenye umeme. Mpeni muda wa saa mbili wakati wa alfajiri, mbali na wiki ya Maulidi huko Lamu ambapo hoteli zimejaa, akiwa na mwenzake anayesoma hatua huku yeye akifanya, na nakala ya data iliyojaribiwa kurejeshwa, si iliyonakiliwa tu.

Na kwa maafisa wa ununuzi: zabuni ya seva inayotakiwa kubadilishwa kadi ikiwa imewaka itaje idadi ya sloti za aina hiyo, kila moja iwe na swichi yake ya umeme, taa na kikomeo, itaje mfumo endeshi utakaotumika, iagize kadi moja ya akiba kwa kila aina, ikae hapa hapa Malindi au Lamu ndani ya mfuko wake. Siku ya kupokea mzigo, muuzaji atoe kadi moja na kuirudisha mbele yenu, mashine ikiwa inafanya kazi na faili kubwa ikinakiliwa kupitia kadi nyingine, kisha fundi wenu alinganishe LnkCap na LnkSta na kukagua faili iliyonakiliwa. Hati ya mapokezi itiwe sahihi baada ya hapo.

Fundi wa seva na mitandao,
Malindi.